Sura ya Sita: Mwaka Wetu Unaanza Lini?

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, swali moja huzunguka Tanga, kuanzia vibaraza vya Ngamiani hadi ufukweni Sahare: mwaka mpya huu ni wa nani? Mmoja husema ni wa watu wote, kwa kuwa mishahara na ada za shule zinaufuata. Mwingine hujibu kwamba mwaka wa Kiislamu uliingia miezi mingi iliyopita na hakuna aliyepiga fataki. Wa tatu, kwa kawaida mtu mzima mwenye jamaa Pangani au Unguja, hukumbusha kuwa upo mwaka mwingine tena, ule ambao watu huuoga baharini. Baadaye, wenzao wakishaondoka, huja swali la pili, na hilo huulizwa kwa sauti ya chini: mwaka umekwisha, mbona mimi niko palepale?

Nimeandika sura hii kwa ajili ya swali la pili, lakini njia ya kulifikia inapita kwenye lile la kwanza. Watu wa pwani ya kaskazini hawakuwahi kuishi kwa kalenda moja. Kwa kalenda nina maana ya mpango wowote wa kuhesabu siku ambao watu wamekubaliana kuufuata, uwe umechapwa kwenye karatasi au umo kichwani mwa mzee mmoja wa kijiji. Walikuwa na hesabu kadhaa zikienda pamoja, na kila moja ilidai jambo lake kwa mtu: alime, afunge, apatane na jirani, au asithubutu kung'oa nanga. Leo tumebaki na karatasi moja ya ukutani, tukaitwika kazi zote hizo, na kila Januari tunashangaa inapotuangusha.

Hesabu zilizokutana mji mmoja

Mtu aliyeishi Tanga, Pangani au Moa miaka mia moja na ishirini iliyopita alikuwa na hesabu hizi mkononi, bila kuona kuwa zinagongana:

- Mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, unaoongoza saumu, Idi na Maulidi. Waswahili waliupa majina yao wenyewe: baada ya Ramadhani huja mfungo mosi, mfungo pili, mpaka mfungo tisa, kisha Rajabu na Shaabani.
- Mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, kwa ajili ya kilimo na safari.
- Mwaka wa pepo: kaskazi, ambayo huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika baada ya hapo.
- Juma la siku saba, lenye kilele chake Ijumaa. Wamijikenda, ambao Wadigo wa Mkinga na Tanga ni miongoni mwao, walikuwa pia na juma lao la siku nne.
- Mwaka wa Januari hadi Desemba, ulioletwa na wamisionari na baadaye serikali ya Wajerumani.

Chini ya hizo zote kulikuwa na bahari, ambayo haingoji mtu kufungua karatasi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika mwambao wetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na tena usiku. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, mpaka yanafika maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana. Mwanamke anayelima mwani hupanga wiki zake kwa hesabu hiyo hadi leo. Ukimwambia mkutane Jumanne saa nne asubuhi, kwanza atatazama mwezi.

Siku ya mwaka

Nairuzi ni jina lililotoka kwa Waajemi, watu wa Iran ya leo, ambao huita mwaka wao mpya Nowruz. Jina na hesabu vilivuka bahari pamoja na mabaharia na wafanyabiashara, vikatua pwani ya Afrika Mashariki, vikawa vyetu. Iran ya leo huadhimisha siku hiyo mwezi Machi, kwa sababu wataalamu wao waliitengeneza kalenda yao upya mwaka 1079 ili ishikamane na majira. Waswahili walibaki na mwaka mkongwe zaidi, wa siku 365 kamili, usio na siku ya nyongeza.

Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kuibeba kichwani. Siku zinagawanywa katika makumi, na kila kumi huitwa mwongo. Miongo 36 inatimiza siku 360, zinabaki siku tano, kisha mwaka unaanza tena. Wazee wa Mrima, yaani pwani hii ya bara inayotazamana na Unguja na Pemba, walisema mambo yao kwa miongo: katika mwongo fulani mvua za vuli hukaribia, katika mwongo fulani vyombo vinavyokwenda kaskazini viwe vimeshaondoka. Tena, kwa kuwa 365 ni majuma 52 na siku moja, mwaka ulioanza Jumatano hufuatwa na ule unaoanza Alhamisi.

Lakini jua halitimizi mzunguko kwa siku 365 kamili. Hubaki karibu saa sita. Kwa hiyo mwaka wa Waswahili huteleza siku moja kila miaka minne, na mwezi mzima katika miaka 120. Katikati ya karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo Makunduchi, kusini mwa Unguja, inakosherehekewa kwa jina la Mwaka Kogwa, huwa Julai. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro. Mimi naona kalenda hiyo ilitengenezwa kwa kipimo cha maisha ya mtu. Mkulima aliyefika miaka sitini alikuwa amehamishwa siku kumi na tano tu, na ndani ya muda huo mrefu masikio yake yalishajifunza kuisikia mvua kabla haijafika.

Lililonivutia zaidi ni yale watu waliyoyafanya siku hiyo. Alfajiri walikwenda kuoga baharini, wanaume, wanawake na watoto. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, majivu yakatolewa nje, ukawashwa moto mpya. Katika miji kadhaa ya pwani ng'ombe alizungushwa mji mzima kwa dua kabla ya kuchinjwa na kuliwa na wote. Makunduchi wanaume wa pande mbili bado hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziwatoke, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na baada ya hapo ni kupika na kukaribisha. Nyumba isiyopata mgeni siku ile huona imekosa kitu.

Tazama jinsi mabadiliko yalivyokuwa yakitendwa hapo. Hakuna aliyetakiwa kukaa peke yake chumbani aorodheshe tabia atakazoacha. Kila mtu alitenda mambo yaleyale, asubuhi ileile, kwa mwili wake. Maji ya chumvi yalimgusa, majivu aliyazoa kwa mikono yake, na aliyekosana naye alikuwa palepale amesimama mbele yake na gogo la mgomba. Naamini hapa ndipo maazimio yetu ya Januari yanapokufa. Tumeyafanya kuwa siri kati ya mtu na daftari lake, ilhali mengi tunayotaka kuyabadilisha, deni, ugomvi na ndugu, uvivu wa kutembeleana, hayawezi kuguswa bila mtu wa pili kuwapo.

Kwa ufupi: Nairuzi ilikuwa hesabu ya kilimo na safari, na siku yake ya kwanza ilikuwa siku ya kazi ya kijiji kizima, ya kuusafisha mwaka.

Meli iliyochomwa jirani na Tongoni

Kusini kidogo mwa mji wa Tanga, kwenye barabara ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa mawe na makaburi mengi, mengine yenye nguzo ndefu zilizopambwa zamani kwa bakuli za kigeni. Mji huo, ambao Wareno waliuandika kwa jina la Mtangata, ulistawi katika karne ya 14 na 15. Kisa kilichotokea kwenye maji ya karibu yake kinafundisha kuhusu kalenda kuliko vitabu vingi.

Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alipita hapa akielekea kaskazini, na mojawapo ya meli zake, São Rafael, ikapanda mwamba, ikangoja maji yajae ili iondoke. Malindi alipewa rubani anayezijua pepo. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, upepo ukiwa nyuma yao, wakaiona nchi ya India baada ya siku zisizozidi ishirini na tano. Wakati wa kurudi hawakumngoja mtu wala msimu. Waliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakati kaskazi bado haijaanza, wakazungushwa na pepo kinzani na shwari kwa karibu miezi mitatu. Walifika mbele ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Njiani kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kiliua watu wapatao thelathini, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Katika Januari hiyohiyo, kwenye mafungu ya mchanga na miamba yaliyo mbele ya Mtangata, wakaichoma moto São Rafael kwa mikono yao wenyewe.

Kama wangengoja wiki sita au nane tu, jahazi la mfanyabiashara wa kawaida lingewaonyesha njia. Kila nahodha wa Pangani alijua kwamba kuna miezi ya kusafiri na miezi ya kulivuta jahazi pwani, kulikalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba na mafuta, na kushona tanga. Miezi ya kukaa nayo ilikuwa sehemu ya safari. Nadhani mtu wa leo anayejilaumu kuwa amesimama mwaka mzima angejiuliza kwanza yuko katika upepo gani. Aliyefiwa, aliyejifungua, aliye katikati ya masomo marefu au anayemuuguza mzazi yumo katika kusi kali. Kazi ya msimu huo ni kutengeneza chombo, na ni kazi kamili.

Ramadhani inayotembea

Swali ambalo watoto hulirudia zaidi ni hili: kwa nini Ramadhani haikai mahali pamoja? Jibu ni hesabu tu. Miezi kumi na miwili ya mwandamo inatimiza siku 354 au 355, pungufu kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka wa jua. Kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku hizo. Gawanya 365 kwa 11, utapata kama 33. Ndiyo miaka ambayo Ramadhani huhitaji ili izunguke majira yote na kurudi ilipokuwa.

Ulaya safari hiyo husikika kwa urefu wa mchana. Muislamu wa London akifunga Juni hukaa zaidi ya saa kumi na nane bila kula, na akifunga Desemba hukaa kama kumi tu. Tanga, iliyo digrii tano kusini mwa ikweta, mchana mrefu kabisa unauzidi ule mfupi kabisa kwa kama nusu saa tu. Kinachobadilika kwetu ni hali ya hewa. Ramadhani ya 2016 ilianza Juni, katika kipupwe, yaani majira ya baridi ya pwani, kusi ikivuma na kiu ikiwa ndogo. Ile ya 2025 iliingia Machi, joto likiwa halijapoa. Mwaka 2030 itaanza Januari, kaskazi ikikausha koo, na kwa kuwa inaendelea kutangulia, nyingine itaanza kabla Desemba haijaisha. Mwaka mmoja wa ukutani utakuwa na Ramadhani mbili.

Sasa fikiria mtoto wa Chumbageni aliyekuwa na miaka saba Januari 1997. Huenda ndio mwaka aliofunga nusu siku kwa mara ya kwanza, jinsi watoto wanavyozoezwa, akashinda ameegemea mtungi akihesabu saa. Tangu hapo Ramadhani imerudi nyuma ikapita vuli, ikapita kipupwe, ikapita masika, ikafuatana naye shule, kazini, harusini, msibani. Itakapomrudia katika joto lilelile la Januari 2030 atakuwa na miaka arobaini. Saumu ni ileile, jua ni lilelile, upepo unatoka upande uleule. Kilichobadilika ni yeye pekee, kwa hiyo atajiona waziwazi. Atakuwa na watoto wa kuwazoeza nusu siku, na mama aliyekuwa akimpikia futari huenda sasa daktari amemkataza kufunga.

Rudi nyuma zaidi. Ramadhani ilianza pia mwanzoni mwa Januari 1965, nchi ikiwa na miezi michache tu tangu ipewe jina la Tanzania. Aliyekuwa na miaka saba siku hizo alikuwa na thelathini na tisa katika Januari ya 1997, na atakuwa na sabini na mbili katika ile ya 2030. Kwa wengi wetu hizo ndizo nafasi zote tunazopewa: Ramadhani ya kaskazi tukiwa watoto, nyingine tukiwa watu wazima wenye nguvu, nyingine tukiwa wazee. Sijui kipimo kingine cha mtu kinachofaa kama hicho. Mwaka mmoja ni mfupi mno kumwonyesha mtu alivyogeuka, ndiyo maana tukijipima Desemba hadi Desemba tunajiona tumesimama. Miaka thelathini na mitatu haifichi kitu.

Kwa ufupi: mwaka wa mwezi hautuambii lini tupande mahindi, lakini unamrudisha mtu mahali palepale baada ya muda wa kutosha kumwezesha kujilinganisha na alivyokuwa.

Mwezi wa kipande

Si kila hesabu ya wakati iliyofika Tanga ilikuwa ya heri. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipokea miche ya mkonge iliyotoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba kuanzia Pangani hadi Muheza, Korogwe na kwingineko. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na pamoja nayo ikaja saa ya stesheni.

Mashambani wafanyakazi walipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku thelathini. Kila siku ya kazi iliyokubaliwa na msimamizi ilitiwa alama, na malipo yalikuja kadi ilipojaa. Siku ya homa haikuhesabiwa, wala siku ya kuzika, wala siku ambayo kazi ya kupimiwa haikutimia. Mwezi wa kipande ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Manamba, kama walivyoitwa vibarua waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali, waliishi ndani ya mwezi huo usioongozwa na mwandamo wala jua. Uliongozwa na penseli ya mtu mwingine.

Nauleta hapa kwa sababu kipande bado kimo vichwani mwetu. Tunapojiuliza kwa nini mwaka umepita bila kitu, mara nyingi tunahesabu kama msimamizi yule: siku ya kumuuguza mtoto haina alama, alasiri ya kumsikiliza mzee kibarazani haina alama, wiki ya matanga haina alama. Kisha tunaitazama kadi yenye mapengo na kusema hatujafanya lolote. Hesabu za zamani za pwani zilizitambua siku hizo. Matanga yalikuwa na siku zake, na mama aliyejifungua alikuwa na arobaini yake, akapumzishwa mpaka ziishe.

Umri wa Shaaban Robert

Mwandishi mkubwa kuliko wote aliyetoka Tanga alizaliwa Vibambani, Machui, tarehe 1 Januari 1909. Kwa kalenda ya ukutani hiyo ni siku ya kwanza ya mwaka. Kwa mwaka wa mwezi ilikuwa wiki ya pili ya mfungo tatu, siku moja au mbili kabla ya Idi ya kuchinja, mwaka wa Kiislamu ukikaribia kwisha. Kwa mwaka wa Nairuzi, uliokuwa umeanza Agosti, ilikuwa siku ya katikati isiyo na sherehe, joto la kaskazi likiwa limeshika. Mtoto mmoja alizaliwa mwanzoni, mwishoni na katikati ya mwaka kwa pamoja, kutegemea nani anayehesabu.

Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ukarani serikalini, tangu idara ya forodha mwaka 1926. Ukarani ni kazi ya tarehe na mihuri. Lakini alipoandika habari za maisha yake alizigawa kwa kipimo kingine, ndipo tukapata Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alichagua mpaka mmoja tu, akatazama huku na huku. Alifariki Juni 1962, akazikwa Machui.

Miaka hamsini ya jua ni sawa na miaka hamsini na moja na nusu ya mwezi. Ukitaka kupata umri wako wa pili, kanuni ni rahisi: kwa kila miaka 32 ya jua ongeza mmoja. Mwenye 32 ana 33, mwenye 64 ana 66. Baada ya kupata umri huo, fanya mambo mawili:

- Tafuta mwaka ambao Ramadhani, au Kwaresima kama wewe ni Mkristo, ilikukuta mtoto. Andika unayoyakumbuka: nani alipika, nani alikuwa mgonjwa, ulimwogopa nani. Kwaresima hairandi mwaka mzima, kwa kuwa Pasaka hubaki kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, lakini nayo hufuata mwezi, na masika ya pwani huisaidia kumbukumbu.
- Mtafute mtu uliyekosana naye, mkubaliane siku. Isiwe lazima Januari. Wanaokaa karibu na bahari wachague siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekwenda mbali na pana nafasi ya kutembea wawili.